Msalaba Usio na Duara

Sabina alipofariki, mwezi wa pili, watu wa Kilvarna walikubaliana jambo moja bila hata kuitana kikao: huyu mama atapata msalaba wa kutolea mfano. Nani asiyejua? Mumewe, Festus, ndiye aliyechonga karibu misalaba yote iliyosimama pale kanisani, ile ya kwetu yenye duara kifuani. Miaka zaidi ya arobaini alikuwa akiwachongea wafu wa watu wengine. Sasa kwa mkewe mwenyewe si ndipo angemaliza ufundi wote? Basi watu wakakaa mkao wa kusubiri, na kila aliyepita mbele ya karakana yake alinyoosha shingo kuchungulia.

Walichokiona ni mzee wa miaka sabini na moja amekaa juu ya kigoda, mikono magotini, nyundo imelala sakafuni. Machi ikapita. Pasaka ikapita. Festus hakugusa jiwe.

Walisema ni majonzi. Ni kweli, majonzi yalikuwepo, tena si haba. Kila asubuhi alijikuta amechemsha chai ya vikombe viwili, akaisimamia ile ya pili akiitazama, kisha akaimwaga nje kwa hasira. Viazi alivila wima, kutoka sufuriani, maana kukaa mezani akitazamana na kiti kitupu kulimshinda. Siku nyingine ilifika jioni akagundua hajatoa neno hata moja mdomoni tangu alipoamka, isipokuwa kumtukana mbuzi wa jirani. Lakini kilichomfunga mikono si hicho. Ni maneno aliyoambiwa na Sabina siku tatu kabla hajakata roho.

"Festus," alisema, sauti imebaki nyembamba. "Mimi mtanipeleka kanisani, najua. Yule je? Wewe ukifa, nani atajua yuko wapi?"

"Pumzika, mke wangu."

"Nitapumzika sana, usijali. Usituache hivyo, Festus, mmoja huku, mmoja kule, kama watu wasiojuana. Niahidi."

Akaahidi. Angesema nini tena? Mtu huahidi kwanza, namna ya kutimiza akaitafuta baadaye.

Huyo aliyekuwa akisemwa ni binti yao. Alizaliwa mwaka wa ishirini na tatu, wakati nchi inapigana yenyewe kwa yenyewe na barabara zimefungwa. Alivuta pumzi kwa muda wa kuchemka birika, akaacha, na padri alipofika na maji ya ubatizo hapakuwa na wa kubatizwa. Siku zile mtoto ambaye hakubatizwa hakuzikwa na Wakristo. Sheria ilikuwa sheria, kila mzazi aliijua. Baba alimtia mtoto kwenye kisanduku, akampeleka mwenyewe kabla jua halijatoka, bila padri, bila kengele, bila jirani, mpaka juu kilimani, Lisheen, lile boma la mviringo la mawe walilojenga watu wa kale kabla habari za Yesu hazijafika kwetu. Akachimba, akafukia, akaweka jiwe lisilo na neno, akarudi nyumbani. Na kwa kuwa kila baba alikwenda peke yake na kurudi amenyamaza, hakuna aliyejua nani mwenzake ana wa kwake huko juu. Kijiji kizima kilikuwa na siri ile ile, na kila mtu alidhani ni yake peke yake.

Festus alizika, akamwambia Sabina mahali: kutoka mti wa miiba, hatua tisa kuelekea baharini. Hakurudi tena kule. Alijiambia ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba aliona aibu, aibu ya kumwacha mtoto kwenye nyasi kama mtu anayeficha mali ya wizi, na aibu ile haikupoa. Sabina alikwenda. Kila mwaka, tarehe ile ile ya Machi, alijitupia shali mabegani akashika njia ya kilimani, na Festus akajifanya anatafuta tindo lake la kuchongea chini ya meza. Akirudi hakumuuliza kitu. Mtoto mwingine hawakupata.

Basi baada ya Pasaka alivaa koti lake la Misa, akaenda kwa Padri. Padri wetu wa wakati huo alikuwa kijana, mtu mwema, mvutaji wa sigara kupindukia.

"Baba, nataka kumhamisha mtu," Festus alisema.

"Kumhamisha nani?"

"Yuko Lisheen. Nataka alale na mama yake."

Padri aliizima sigara ambayo hata hakuwa ameivuta nusu. "Festus, ardhi ya kanisa imebarikiwa."

"Na yeye hajabarikiwa."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, Baba. Sheria ndiyo inayosema. Basi mama yake niende kumfukua nimpeleke kule?"

"Unajua huwezi."

"Nilijua. Nilitaka nisikie. Haya, msalaba je? Nimwekee msalaba huko huko aliko."

Padri alitazama mikono yake. "Msalaba ni alama ya waliobatizwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma barua isiyo yake. "Askofu akisikia... Kama ingekuwa juu yangu, Festus."

"Najua, Baba. Kunywa chai yako, inapoa."

Akatoka na hasira zake. Hakwenda nyumbani, maana nyumbani kulikuwa na nini? Akapita njia ya magofu, palipo na msalaba mkongwe wa mtakatifu wetu, mrefu kuliko watu wawili, umekula mvua miaka elfu na bado mikono yake imenyooka. Pale ndipo Festus alipojifunzia kazi akiwa kijana, akipapasa mafundo yake kwa vidole, yale mafundo ya mstari mmoja unaozunguka na kujipita usione ulipoanzia. Na pale ndipo alipogombana na Sabina mara nyingi kuliko mahali pengine popote duniani.

Walikuwa wakigombana juu ya duara. Naam, watu wazima na akili zao. Festus alishikilia kwamba duara ni kazi ya ufundi tu. "Jiwe ni zito, mikono ni mirefu, upepo wetu unaujua," alikuwa akisema. "Usipoishikilia mikono itavunjika. Wale wamonaki hawakuwa wajinga, wakaweka duara la kuibeba. Basi. Mengine mnatia chumvi."

"Ni jua," Sabina alisema.

"Jua gani?"

"Mtakatifu alipofika hapa aliwakuta watu wamelipigia magoti duara la jua. Hakulivunja. Alichora msalaba wake juu yake, akawaambia haya, endeleeni kusali. Ndivyo bibi yangu alivyonisimulia."

"Bibi yako alikuwepo?"

"Na wewe ulikuwepo na hao wamonaki?"

Mzee akasimama pale na kofia mkononi, mvua nyepesi inamlowesha upara, akayasikia yale maneno kama yanasemwa sasa hivi. Kulikuwa na kitu kingine alichokuwa akisema Sabina kila walipofika mwisho wa ugomvi, na yeye kila mara alikidharau. "Duara lilikuwepo kwanza, Festus. Kabla ya msalaba. Kabla ya padri, kabla ya maji." Alikuwa akisema hivyo akitazama upande wa kilimani. Na yeye, mjinga mkubwa, miaka yote hiyo alidhani mke wake anabishania mawe.

Duara si msalaba. Hakuna padri wala askofu wa kulikataza. Festus alivaa kofia yake, akaenda moja kwa moja machimboni kwa Bartley.

Bartley alikuwa jirani yake na rika lake, mpasua mawe. Miaka arobaini yeye anapasua, Festus anachonga. Mikono yake ilikuwa mizuri na ulimi wake haukuwa na likizo. Alikuwa na binti mmoja huko Boston aliyemwandikia kila Krismasi, na mke wake Delia, mama mkimya sana, pengine kwa sababu maneno yote ya nyumba ile alikuwa ameshayamaliza mumewe.

"Aa, umefufuka," Bartley alisema. "Nilishaanza kutafuta jiwe lako wewe."

"Nataka bapa moja zuri la jiwe. Linalopasuka mara mbili sawasawa."

"Mara mbili ya nini? Umeoa wengine?"

"Bartley, lete jiwe."

"Nauliza tu, bwana. Mjane mwenye nyumba na karakana, wanawake wa kijiji cha pili wameshaanza kuchana nywele."

Lakini jiwe alilileta, tena la kijivu safi, halina ufa wala doa, na akalipasua mwenyewe kwa kabari na nyundo, polepole, likaachana kama mkate wa magadi uliotoka jikoni. Nusu mbili, tumbo moja. Festus alizipeleka zote mbili karakana, akafunga mlango. Watu wakaambiana, kazi imeanza.

Aliifanya Mei, Juni, Julai. Kwenye nusu ya kwanza alitoa msalaba: shina refu, mikono, mafundo kutoka chini mpaka juu bila kukata mstari. Kwenye nusu ya pili aliweka bikari, akachora duara, akaanza kulichimbua. Ilikuwa kazi ya kumtoa mtu roho. Duara la jiwe likiwa peke yake halina wa kulishika, pigo moja la kijinga na miezi mitatu imekwisha. Alipiga kwa pumzi, akasimama, akapiga. Macho hayakuwa ya zamani. Siku nyingine alilipapasa tu akaogopa kuligusa kwa chuma.

Nyuma ya duara alikata mapengo manne. Mbele ya msalaba, kwenye shina na kwenye mikono, alikata mapengo mengine manne ya vipimo hivyo hivyo. Mwishoni mwa Agosti aliulaza msalaba juu ya magogo, akalinyanyua duara akalishusha juu yake. Likaingia. Halikutikisika hata unywele. Alivuta kigoda akakaa akiutazama, na nasema bila kutia chumvi kwamba hakuna msalaba mzuri kuliko ule uliowahi kutoka mikononi mwa mtu yeyote wa upande wetu wa pwani. Aliutazama mpaka mwanga ukapungua dirishani. Kisha akasimama akalitoa duara. Alilia kulitoa. Alikuwa mtu mmoja tu duniani aliyeuona msalaba ule mzima, na wa kumwambia hakuwa naye.

Alisubiri Jumapili ya fainali ya mpira. Siku hiyo kwetu hata ng'ombe hukamuliwa mapema. Nchi nzima hukaa kwenye redio, na Kilvarna yote ilikuwa imebanana dukani, wazee ndani, vijana madirishani, Bartley katikati akimfundisha kazi refa ambaye yuko Dublin na hamsikii. Festus alilitoa duara kwa mlango wa nyuma, akalisimamisha, akaanza kuliviringisha kwenye njia ya kilimani.

Mzee wa miaka sabini na moja, anasukuma duara la jiwe kupanda mlima. Hatua kumi, anapumzika, amelikumbatia lisirudi nyuma. Hatua kumi nyingine. Kelele za redio zilimfuata mpaka kwenye kona ya kwanza, halafu ukabaki upepo. Alikuwa amesahau njia ilivyo ndefu. Alikumbuka alipoipanda mara ya mwisho alikuwa na miaka thelathini na nne, mzigo ulikuwa mwepesi sana, na alikuwa amepumzika mara nyingi zaidi kuliko leo.

Lisheen palikuwa kama alivyopaacha. Ukuta wa mviringo umebomoka nusu, nyasi, vijiwe vidogo vidogo vilivyochomoza kila upande, vingi kuliko alivyokumbuka, na hakuna hata kimoja chenye jina. Mti wa miiba ulikuwa umelazwa na upepo lakini haukufa. Alisimama chini yake, akageukia bahari, akahesabu hatua tisa. Miguu ya uzee ina hatua fupi. Alifika kwenye nyasi tupu. Akaenda ya kumi. Ya kumi na moja.

Hapo akaviona. Vijiwe vyeupe vya pwani, vya mviringo, vimepangwa kifungu kimoja kama mayai. Alipiga magoti akavihesabu, akakosea, akavihesabu tena. Thelathini na sita. Kimoja kwa kila Machi ambayo Sabina alivaa shali akatoka, na mume wake akainama chini ya meza kutafuta tindo.

"Nisamehe," Festus alisema. Hakujua anamwambia yupi kati yao. "Ningekuja naye. Ilikuwa safari ya saa moja tu. Ningekuja naye, mimi ni mwoga, nisamehe."

Alikaa kwenye nyasi akalia kama hajawahi kulia hata siku ya mazishi. Alipomaliza, alilaza duara pale chini, vijiwe vyote vikabaki katikati yake. Mapengo manne aliyageuza juu ili jua liyaone. Kisha akajipukuta magoti, akashuka.

Ijumaa iliyofuata aliusimamisha msalaba wa Sabina kanisani, yeye na vijana wawili wa mchimba makaburi. Jumapili baada ya Misa watu wakatoka, wakauzunguka. Kwanza kimya. Halafu minong'ono. Jina limeandikwa vizuri, mafundo yanatiririka, shina limenyooka. Na katikati, pale ambapo kila msalaba wa kwetu una duara, hewa tupu. Unaona bahari.

Bartley hakuwahi kuona kimya asikijaze.

"Festus, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Msalaba wako umepata pancha?"

Watu wakacheka, wengine kwa kuziba mdomo.

"Gurudumu liko wapi, bwana? Umelisahau nyumbani? Au kule mbinguni umemwandikisha Sabina kwa Waprotestanti, wenye misalaba mitupu kama huu? Maskini mama wa watu, miaka yote na rozari yake, anaamka siku ya mwisho anapewa kitabu cha nyimbo za Waingereza."

"Ndivyo nilivyotaka uwe," Festus alisema.

"Tazama hapa," Bartley alisema akisogea, maana mpasua mawe ni mpasua mawe hata akifanya mzaha, akapitisha kidole gumba kwenye pengo la mkono wa kushoto. "Umekata mahali pa kulikalisha na hukulikalisha. Kumbe ulilichonga. Lilikuvunjikia, sema tu. Hata mimi mkono unatetemeka siku hizi."

Festus angeweza kuwaambia. Neno moja tu na vicheko vingezimika. Lakini siri ile haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya Sabina pia, na Sabina hakumwambia mtu kwa miaka thelathini na saba. Aligusa kofia yake kuwaaga, akaondoka.

Dhihaka aliiweza. Kilichomuuma ni huruma. Watu wana huruma mbaya. Dukani walianza kumzungumzisha polepole, wakitamka kila neno, kama mtu aliyepotewa na akili. Mama mwenye duka alimfungia siagi mara mbili. Mtu mmoja wa parokia ya pili, aliyekuja kuagiza msalaba wa mama yake, alipitia kanisani kwanza kutazama kazi, kisha akafika mlangoni, akasifu hali ya hewa, akaondoka bila kuagiza kitu. Wakasema mzee amechoka, amemaliza ngwe yake, sasa itabidi tununue yale mawe meusi ya kung'aa kutoka mjini. Festus alisikia yote. Jina alilolijenga kwa mikono yake miaka arobaini lilikwenda kwa wiki tatu. Jioni alikaa na moto wake akaongea na kiti cha Sabina, akimwambia nani kasema nini, na mara mbili alicheka mwenyewe, lakini kicheko kikiwa cha mtu mmoja hakidumu.

Hata upepo ulimtesa. Dhoruba ya Oktoba ilipovuma alikwenda kanisani asubuhi na mapema akasimama mbele ya ule msalaba, akiitazama mikono ya jiwe mitupu isiyoshikwa na kitu. Alikuwa ameiacha minene makusudi. Hata hivyo aliipapasa yote miwili kutafuta ufa, na hakuridhika mpaka alipoipapasa tena.

Ikaja Novemba, mwezi wa marehemu. Wiki ya kwanza watu hutembelea makaburi yao, husafisha, husali. Jumatano ya wiki hiyo, mchana, mlango wa karakana ulifunguka bila kubishwa, Bartley akaingia. Alikuwa na koti la Misa siku isiyo ya Misa, na viatu vyake vimejaa tope jekundu. Tope jekundu huku kwetu liko mahali pamoja tu, njia ya kilimani.

Festus alilinganisha tindo lake na jingine, akangoja mzaha. Mzaha haukuja. Bartley alisimama, akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Nililiona," alisema.

Festus aliweka tindo chini.

"Nilitazama mapengo. Yale manne. Nimekupasulia mawe tangu tukiwa vijana, nilijua lile bapa lilikuwa na ukubwa gani na nusu ya pili haikuwa kwenye takataka zako. Niliangalia." Akaigeuza kofia tena. "Nikadhani limekuvunjikia, kweli nilidhani. Halafu leo nikaenda kule juu."

"Ulikwenda kufanya nini kule, Bartley?"

"Huwa nakwenda. Novemba huwa nakwenda."

Moto ulipasua kipande. Nje, mbuzi wa jirani alikuwa kwenye kabichi na hakuna aliyemfukuza.

"Nimesimama na wewe miaka arobaini," Festus alisema taratibu. "Sikujua."

"Na mimi sikujua. Hatua ishirini kutoka kwa wangu, na sikujua ni wa nani. Nilikuwa naviona vile vijiwe vyeupe, najiuliza ni mama gani huyu asiyechoka." Bartley alijifuta uso kwa kofia. "Na yale niliyosema pale kanisani, mbele ya watu..."

"Ulikuwa hujui."

"Nilisema, Festus."

"Ulisema. Sasa keti."

Hapakuwa na pa kukaa isipokuwa kiti cha Sabina cha pale karakana, kile alichokuwa akikalia akija kumletea chai, na hakuna aliyekikalia tangu Februari. Festus alikipangusa vumbi kwa mkono, akakisogeza. Bartley akakaa ncha ncha.

"Wako wawili," alisema akitazama sakafu. "Mmoja wa mwaka wa ishirini na nne, mwingine wa ishirini na saba. Kabla ya huyu wa Boston. Wote wavulana. Delia hajui kwamba huwa nakwenda. Hatujawahi kulizungumza." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Festus hakuwahi kuisikia kwake: "Nilikuwa nataka kukuuliza, kama mkono unaruhusu. Si lazima liwe na mafundo. Duara tu."

"Ukubwa gani?"

Bartley alinyanyua mikono yake miwili, ile mikono mipana ya machimboni, akaiweka mbele yake kuonyesha kipimo. Hakikuwa kipimo cha duara. Kilikuwa kipimo cha kisanduku, na Festus alikijua, maana na yeye aliwahi kukibeba. Bartley naye aliona alichokuwa akionyesha, mikono ikabaki hewani, akashindwa kuishusha. Festus alisogea akaishusha yeye.

Walikaa hivyo mpaka chai ikawa tayari. Vikombe viwili, na safari hii cha pili kilipata mnywaji.

"Wako alikuwa na jina?" Bartley aliuliza.

"Una," Festus alisema. Sabina ndiye aliyempa mtoto jina hilo, akamwambia siku ile ya kwanza, na yeye hakuwahi kulitamka. Lilimtoka kwa shida, kama mlango uliovimba. Akalirudia. "Una. Na wako?"

Bartley alitikisa kichwa. "Tuliambiwa hakuna haja. Hatukuwapa."

"Delia aliwapa, bila shaka."

"Hakuwahi kusema."

"Na wewe hukuwahi kuuliza. Kama mimi tu." Festus aliichukua bikari ukutani, akapuliza vumbi. "Nenda nyumbani kamuulize. Sitaandika, usiogope, duara halina maandishi. Lakini nichonge nikijua ninamchongea nani."

Bartley alisimama, akavaa kofia, akaivua tena, akatoka bila kuaga. Festus alimsikia akipita lango. Saa kama hizi Bartley hupinda kushoto, kwenye bia nyeusi na wasikilizaji wake. Viatu vilisimama kidogo pale njia panda, kisha vikapinda kulia, kwa Delia.

Festus alivuta bapa lililokuwa limeegemea ukutani. Mwanga ulikuwa bado unatosha. Alipigilia ncha ya bikari kwenye jiwe, akachora duara la kwanza, akapima nafasi ya la pili, akakaa kumsubiri arudi na majina.